Kumzika Mama Katika Nchi Tatu za Mkonge

Tangu nirudi sina amani mtaani. Nikienda dukani naulizwa, nikitoka misa naulizwa, hata wanafunzi wameniuliza katikati ya kipindi: mwalimu, ilikuwaje ukaenda kumzika mama na koti jipya, ukarudi huna koti? Nimeona niandike mara moja, msome wote, kisha mniache nimalize matanga yangu kwa utulivu.

Kwa asiyenijua, naitwa Leopodi, nafundisha historia sekondari hapa Tanga mjini. Mada ninayoipenda kuliko zote, na ambayo wanafunzi wanaichukia kuliko zote, ni matatizo ya nchi changa baada ya himaya kuanguka. Huwa naandika ubaoni: mipaka, uchumi, umoja. Kisha nageuka na kusema kwa sauti nzito kwamba tatizo la nne ni mazoea. Hilo la nne nililisoma kitabuni, nikalipenda kwa sababu linasikika vizuri. Sikuwa nimewahi kuliona kwa macho.

Mama yangu, Agnesi, alifariki alfajiri ya Alhamisi. Aliniachia wosia mmoja tu: azikwe ubavuni kwa baba, kwenye makaburi ya Kambi Saba, shamba la mkonge la Kwegunda, ng'ambo ya Maramba. Sisi ni Wanyamwezi. Baba aliletwa pwani na treni akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge Kambi Saba mpaka alipokufa. Mama alianika nyuzi kule Ofisini, penye korona, yaani kiwanda cha kukamulia mkonge. Nami nilizaliwa huko. Nilimwahidi mama kwamba atalala pale, na nilimwahidi kirahisi, kama mtu anayeahidi kuleta mkate. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba siku hizi kule ni nchi za nje.

Usagara hadi Muheza

Tuliondoka nyumbani Usagara Ijumaa saa nne asubuhi, watu watatu kwenye pikapu na mama nyuma. Ndugu zetu walikuwa wametangulia jana yake kuchimba kaburi. Dereva wetu, Mwarami, ni Mdigo mpole anayeendesha gari kana kwamba barabara ni ya kuazima. Kati yetu alikaa Bi Zuhura, jirani yetu wa ukuta mmoja, Mzigua, na kwa hiyo mtani wetu.

Jambo hili la utani nitalieleza kidogo, maana bila hilo hamtanielewa. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Msibani, mtani anayo ruhusa ya kumkejeli marehemu, kunyakua kitu cha mfiwa, hata kulala barabarani jeneza lisipite, na anayekasirika ndiye anayeaibika. Bi Zuhura na mama walikuwa wametukanana kila asubuhi kwa miaka, huku wanafagia, mmoja huku na mmoja kule. Mama akiumwa, matusi yalikuja na uji.

Hatujafika hata Pongwe, Bi Zuhura akageuza shingo kuangalia nyuma kupitia kioo.

"Agnesi," akasema, "kila mwaka ulisema huna nauli ya kwenda kumwona mumeo. Leo umebebwa bure. Utulie humo, usitusumbue."

Mwarami alishtuka kidogo. Mimi nilitazama nje dirishani.

"Na weye Leo," akaendelea, "koti hilo la nini na joto hili? Unakwenda kuzika au kukagua?"

"Ni heshima kwa mama, Bi Zuhura."

"Haya. Nikilitaka nitalichukua."

Muheza, kuelekea adhuhuri

Muheza tulifika mapema kuliko nilivyotarajia, nikaanza kujipongeza. Mwarami akaegesha pikapu kando ya wauza machungwa, akavaa kofia yake ya darizi, akasema anakwenda kuswali Ijumaa. Nilitazama saa. Ilikuwa saa tano na robo.

"Hotuba ya hapa ni fupi?" nikamuuliza.

"Sijawahi kuisikia fupi," akasema kwa upole, akaenda.

Basi tukakaa kivulini na jeneza letu. Bi Zuhura alinunua machungwa, akawa anayamenya na kunipa, nami nakula kwa sababu nilikuwa sijui la kufanya na mikono. Ghafla akatokea mama mmoja wa makamo, amejitanda khanga nyeusi, akaja moja kwa moja kwenye pikapu, akaliangukia jeneza na kulia. Alilia kweli. Alitaja wema wa marehemu, ukarimu wake, jinsi alivyomsomesha. Nikaguswa sana. Nilifikiri, mama yangu alisomesha mtu Muheza na hakuniambia. Nikamshika bega, tukalia wote.

Baada ya muda akainua uso, akautazama msalaba wa jeneza ulioandikwa Agnesi.

"Kwani huyu si Babu Eliya?"

"Hapana, dada. Huyu ni mama yangu."

Akafuta machozi, akafikiri kidogo. "Sisi Walutheri tunamngoja babu yetu, naye anatoka Tanga na pikapu nyeupe. Sasa machozi yenyewe ndiyo yamekwisha."

"Usijali," Bi Zuhura akamwambia. "Huyu naye hakuwa na wa kumlilia vizuri. Mwanawe analia kama anasahihisha madaftari."

Yule dada alicheka, akatupatia machungwa matano kutoka kapu lake, akarudi kumngoja Babu Eliya. Mwarami alirudi saa saba na nusu. Hotuba, akasema, ilihusu kuthamini wakati.

Maramba

Barabara ya Maramba mnaijua au mmeisikia. Sitaisema vibaya, nilipita salama. Tulifika saa tisa kasoro, njaa imetukamata, tukaagiza wali na maharage kwa mama ntilie mmoja karibu na soko. Hapo ndipo alipotukuta Katekista Isidori, mzee mwembamba mwenye baiskeli, ambaye ndiye angeongoza ibada.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Mwalimu, una barua?"

"Barua ya nini?"

Akaegemeza baiskeli, akakaa, akavuta sahani ya wali iliyokuwa yangu, akanieleza hali ya Kwegunda. Nawasimulia kwa ufupi. Kampuni iliyomiliki shamba ilifilisika. Asubuhi moja meneja aliondoka na mbwa wake wawili, hakuaga. Wiki nzima watu waliendelea kujipanga uwanjani wakingoja kazi. Walipohakikisha kwamba harudi, wakasherehekea uhuru kwa siku tatu. Siku ya nne wakaanza kugawana.

"Pampu ya maji ilibaki Kambi Kumi," akasema Katekista. "Injini yake ilikuwa imepelekwa Kambi Saba kutengenezwa, Saba wakaishikilia. Mabomba yalikuwa stoo, Ofisini. Kwa hiyo kila kambi ina sehemu ya maji."

"Na maji yenyewe?"

"Tunachota mtoni."

Wilaya haina habari. Kwenye ramani ya serikali Kwegunda ni kijiji kimoja, na mwenyekiti wake halali anaishi Maramba mjini kwa sababu ya presha. Lakini kule shambani kila kambi ina mwenyekiti wake, kizuizi chake na muhuri wake. Majina ya namba yalionekana ya kikoloni, wakayafuta. Kambi Saba ikajiita Uhuru. Kambi Kumi, bila kuuliza, ikajiita Uhuru. Ofisini walifanya mkutano wa siku mbili wakaja na Uhuru. Hakuna aliyekubali kubadili, kwa hiyo ili watu wasipotee wanatumia namba zilezile.

Niliisahau njaa. Nilihisi kama mtu aliyefundisha kuogelea maisha yake yote kwa ubao na chaki.

"Na kaburi?" nikauliza.

"Vijana wenu walianza kuchimba. Limefika magotini. Mwenyekiti wa Kambi Saba amelisimamisha mpaka aone hati." Akatazama juu. "Na mama hawezi kungoja kesho, kwa joto hili."

Hilo nalo nililijua. Tulipakia baiskeli ya Katekista ubavuni mwa jeneza, tukaondoka.

Ofisini

Ukiingia Kwegunda unaanzia Ofisini, zilipokuwa nyumba za mabwana. Korona imebaki nguzo na kutu. Kizuizi ni boriti la mkonge, lile shina refu la ua lake, limewekwa juu ya mapipa mawili. Tulipokelewa na Katibu, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Alitukaribisha ndani, kwenye meza ileile ya meneja, akaiweka mikono yake juu yake kwa uangalifu, kana kwamba meza ingeweza kumkana.

Katikati ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma, kulikuwa na nyundo.

Nikaitambua. Zamani, alfajiri, nyundo ile iligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa uwanjani, na shamba zima likaamka. Iligongwa pia mtu akifa. Reli ilichukuliwa na Kambi Saba wakati wa kugawana.

"Kwa nini hawaigongi kwa jiwe?" nikamuuliza Katibu.

"Wakigonga kwa jiwe watakuwa wamekubali kwamba nyundo ni yetu. Kwa hiyo hawagongi. Na sisi hatuna cha kugonga." Alisema hivyo kwa fahari. "Tuko kwenye mazungumzo."

Nilimweleza shida yangu. Alinisikiliza vizuri sana, akaandika yote, akauliza herufi za jina la mama moja moja. Kisha akasema barua ya kumruhusu marehemu kupita itapatikana Jumatatu, kamati ikikaa.

"Leo ni Ijumaa, ndugu yangu. Mama yuko kwenye gari."

"Naelewa uchungu wako, mzee. Lakini tukianza kukiuka taratibu zetu wenyewe, watu watasema hatukuwa tayari kujitawala."

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Sentensi ile ilikuwa yangu, neno kwa neno, niliwahi kuisema darasani nikapigiwa makofi. Bi Zuhura alinivuta mkono tukatoka, akimwambia Katibu kwamba Wanyamwezi wote wana vichwa vigumu, asinijali. Katibu hakutufungulia kizuizi, ila hakuwa na mtu wa kukilinda. Mwarami akashuka, akaliinua boriti, akapita, akarudi kulishusha kama lilivyokuwa.

Kambi Kumi

Kambi Kumi wana kizuizi bora zaidi, cha mnyororo, na mwanamke mmoja mwenye daftari. Nyuma yake pampu ya maji ilikuwa imepakwa rangi ya buluu na kuzungushiwa mawe meupe. Kuku alikuwa amelalia mayai juu yake.

"Majina," akasema yule mama.

Tukataja, pamoja na la mama.

"Sababu ya safari ya huyu wa nyuma?"

"Anakwenda kuzikwa."

Akaandika. "Atakaa siku ngapi?"

Mwarami alianza kusoma dua kimya kimya. Bi Zuhura akasogeza kichwa dirishani.

"Mwanangu, huyu nimekaa naye jirani. Akishakaa haondoki."

Yule mama akatafakari, akaandika: *mkaazi wa muda mrefu*. Akatufungulia mnyororo, akampa Katekista pole ya msiba, akatuomba tukirudi tumletee machungwa ya Muheza. Tulimpa matatu tuliyokuwa nayo. Nasema kweli, ndiye ofisa pekee aliyenitendea kama mtu siku ile, na alikuwa na fomu ya kijinga kuliko wote.

Kambi Saba

Tulifika saa kumi na moja kasoro. Ndugu zangu walikuwa wamekaa kando ya shimo la magotini, majembe chini. Kaburi la baba lilikuwa palepale, msalaba umeinama. Nilipouona tu, nikataka kuyamaliza haraka.

Mwenyekiti, Mzee Kasanda, ni Mnyamwezi mwenzetu. Alikata mkonge safu moja na baba. Alinikumbatia, akalia kidogo, akaniuliza habari za watoto. Kisha akavaa miwani na kuwa serikali.

"Tunazika raia tu, Leo. Makaburi ni madogo. Mama yako una hati yake?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Ndani ya koti nilikuwa na kipande cha mama, kadi yake ya kazi ya zamani, aliyoitunza kwenye Biblia mpaka ikawa laini kama kitambaa. Nilikitoa kwa kishindo, kama mwanasheria. Mzee Kasanda akakisoma kwa kidole.

"Kinasema Ofisini."

"Alifanya kazi Ofisini. Alilala hapa. Mumewe ndiye yule."

"Mumewe ni raia. Yeye kwa hati hii ni mtu wa nje." Alisema kwa huzuni ya kweli. "Kaniletee barua ya Ofisini kwamba wamemwachia, nitachimba kwa mikono yangu."

"Ofisini wanakaa Jumatatu, Mzee. Unamjua mama. Alikufungia vidonda vyako."

"Namjua. Ningekuwa simjui ingekuwa rahisi."

Nikalia. Sikulia kama ninayesahihisha madaftari. Jua lilikuwa limeshuka kwenye ncha za mkonge pori, Katekista anaitazama saa yake na kunitazama, na mama yangu yuko hatua ishirini kutoka kwa mumewe, hawezi kufika. Nilimtafuta Bi Zuhura nimwambie turudi Muheza tukaombe mahali kwa Walutheri. Hakuwepo.

Ndipo niliposikia reli.

Mlio ule sikuwa nimeusikia tangu utoto. Ngong, ngong, ngong, ule wa kuita kazini, siyo wa kifo. Bi Zuhura alikuwa amesimama mbele ya ofisi ya Kambi Saba, reli inaning'inia juu yake, na mkononi ana nyundo. Alikuwa ameichukua mezani kwa Katibu, akaifunga ndani ya khanga, akapita nayo mipaka miwili. Msibani mtani huchukua anachotaka.

Mzee Kasanda alivua kofia. Nilidhani anataka kumkemea. Akatembea upesi mpaka uwanjani, akajipanga mstarini, nafasi ya tatu, akaacha nafasi mbili mbele yake kwa ajili ya watu waliokwisha kufa. Wakaja wengine. Walitoka nyumba za jirani, kisha wakatoka Kambi Kumi wakikimbia, majembe na mapanga mabegani, kisha Ofisini, na Katibu miongoni mwao na kalamu zake. Kulikuwa na vijana ambao hawajawahi kukata jani moja la mkonge. Waliwaona babu zao wakijipanga, nao wakajipanga. Yule mama wa daftari alikuja amelishika daftari.

"Kampuni imerudi?" mmoja akauliza.

"Imerudi," akajibu Bi Zuhura. "Bwana mwenyewe yule, mwenye koti."

Wote wakanitazama. Bi Zuhura hakunipa nafasi ya kusema kitu.

"Kazi ya leo ni kaburi," akawaambia. "Lile pale. Liishe kabla ya jua."

Likaisha kabla ya jua. Walichimba kwa zamu, safu kwa safu, kambi tatu zimechanganyika, na Mzee Kasanda ndiye aliyelisawazisha chini. Hakuna aliyeuliza barua. Walipolileta jeneza na kuona jina ndipo wengi walipojua wanamzika nani, na wanawake wa Ofisini wakaanza kulia kwa sauti, maana walianika naye. Katekista alisali vizuri. Mama alishuka, akalala ubavuni kwa baba, mkono wa kulia kama alivyotaka.

Bi Zuhura alitupa udongo wake wa mwisho. "Agnesi mchafu wee," akasema, "sasa asubuhi nitamtukana nani?" Akafunika uso kwa khanga, akakaa hivyo muda mrefu.

Tulipomaliza, niligeuka kuwashukuru watu. Walikuwa wamejipanga tena. Mstari ulinyooka kutoka makaburini hadi barabarani, wamesimama kimya, wananitazama. Sikuelewa wanangoja nini, mpaka nikakumbuka kwamba zamani hakuna aliyeondoka uwanjani kabla ya kuruhusiwa.

"Haya," nikasema. "Kazi imekwisha. Mmefanya vizuri."

Sauti iliyonitoka niliijua. Sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto nimejificha nyuma ya sketi ya mama, pale meneja alipopita na mbwa wake.

Mzee Kasanda, aliyekuwa rafiki wa baba, akainamisha kichwa. "Asante, bwana. Kesho tuje saa ngapi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, jibu nilikuwa nalo mdomoni tayari. Nilitaka kusema saa kumi na mbili.

"Lete hilo koti," akasema Bi Zuhura.

Hakungoja. Alinivua mwenyewe mbele ya watu wote, mkono mmoja, kisha wa pili, akalivaa juu ya khanga yake. Lilimfika magotini. Akaukabili mstari, akajishika kiuno.

"Mmemwona bwana wenu? Bwana ni Mzigua. Haya, Wanyamwezi wajinga nyie, mmeitwa kazini na mtani, mmechimba bure. Nendeni makwenu."

Kisha yule mama wa daftari akaanza kucheka. Mzee Kasanda akafuata, akacheka mpaka akajishika magoti, na Katibu naye, na mstari ukavunjika wenyewe, bila ruhusa ya mtu.

Hiyo ndiyo habari ya koti. Nyundo ilibaki Kambi Saba, na Katekista ameniambia Ofisini wamekwisha andika barua ya kulalamika. Mada yangu nimeirudia darasani wiki hii. Nilipofika kwenye tatizo la nne nilinyamaza kidogo, wanafunzi wakadhani nimesahau.

Bi Zuhura hajanirudishia koti, na siruhusiwi kukasirika. Analivaa asubuhi akifagia upande wake wa ukuta. Zile siku za kwanza nilimsikia akifagia kimya, akasimama, akafagia tena. Siku hizi kabla ya kwenda shule huchukua ufagio wa mama, nikatoka upande wetu, nikamwambia kwamba amelivaa koti la watu kama kunguru, na nyumba yake inanuka.